Lazima kwenye ratiba, hiari moyoni

*Kila shule ina masharti yake ya darasa la hesabu, na kila serikali ina sera yake kuhusu nani asome aljebra. Makala haya yanaangalia anachodaiwa mwanafunzi, na wasichodaiwa wengine.*

Ni Januari, kipindi cha kwanza cha hesabu kwa Kidato cha Kwanza. Mwalimu hajagusa kitabu. Amechora mstari katikati ya ubao, na upande wa kushoto anashusha masharti moja baada ya jingine. Kaunta buku ya kwaya tatu, si daftari dogo. Mkebe, rula, penseli iliyochongwa. Kila zoezi litanguliwe na tarehe. Onyesha njia, jibu lisilo na njia halina alama. Kikokotoo marufuku. Kazi ya nyumbani ikusanywe na kiranja kabla ya paredi. Ukinakili kwa mwenzako, sifuri kwako na sifuri kwake.

Wanafunzi wamebanana, wengine watatu kwenye dawati la wawili, wanaandika mbio mbio. Sare bado zina mikunjo ya dukani.

Kengele inapokaribia, mwalimu anahamia upande wa kulia. Anaandika mlinganyo mmoja, 3(x − 2) = 12, na juu yake neno moja la Kiingereza: "Solve".

Kimya.

Miezi michache tu nyuma, wakiwa darasa la saba, wengi wao wangeliona swali la namna hii likiwa limeandikwa "Tafuta thamani ya x", na wangelimaliza kwa mistari mitatu. Mabano ni yale yale. Namba ni zile zile. Kilichobadilika ni neno lililokaa juu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza maana yake mbele ya watu aliokutana nao asubuhi hiyo.

Darasa hili laweza kuwa la Same, la Sumbawanga au la Tandahimba. Masharti ya upande wa kushoto yanafanana karibu kila uendako, na mengi hayana ubaya. Ila yote yanamdai mtu mmoja. Mlinganyo una pande mbili na alama ya sawasawa katikati. Mkataba wa darasa la aljebra, jinsi unavyoandikwa kwenye mbao nyingi, una upande mmoja tu.

Thelathini kwa mia

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linahesabu ufaulu kuanzia daraja la D, yaani alama 30. A huanzia 75. Katika muundo wa mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne uliotumika miaka ya karibuni, sehemu A ina maswali 10 ya alama sita sita, na sehemu B ina maswali manne ya alama kumi kumi. Maswali 14, saa tatu, yote lazima.

Piga hesabu. Mtahiniwa akijibu maswali matano ya sehemu A bila kukosea, kisha yale tisa mengine akayaacha meupe, amefaulu.

Hata hivyo, mwaka 2022 waliofika hapo walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Mwaka 2023 na 2024 ikawa karibu mmoja kati ya wanne. Ni nafuu, lakini ni nafuu ya mtu aliyetoka kwenye maji ya shingo akafika kwenye maji ya kifua.

Na aljebra haikai kwenye swali moja ikasubiri wanaoipenda. Imetapakaa. Imo kwenye mfuatano na mkufu wa namba, imo kwenye vekta na matriki, imo kwenye trigonometria na kwenye lile swali refu la kupanga uzalishaji ambalo wanafunzi hulikimbia kwa sababu ya maelezo yake. Asiyeweza kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa alama ya sawasawa kwenda mwingine amefungiwa nje ya nusu ya pepa kabla hajalifungua.

Division One yenye F

Hapa ndipo sera inapoanza kujipinga yenyewe. Hisabati ni somo la lazima katika sekondari za Tanzania. Hata mitaala mipya iliyoanza kuingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024, yenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, haikumwondolea yeyote mzigo huo: anayejifunza umeme au ushonaji naye anakaa kwenye kipindi cha hisabati.

Lakini daraja la jumla la Kidato cha Nne hupatikana kwa kujumlisha masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. Mwanafunzi mwenye masomo tisa anaweza kuyaacha mawili yazame, na cheti chake kikaendelea kung'aa. Division One yenye F ya Hisabati si kioja.

Wanafunzi wamelijua hilo zamani. Kuna msemo kabisa: "kuitupa hesabu". Mtu huamua, mara nyingi Kidato cha Pili, kwamba muda wa kupambana na vipeuo ataupeleka kwenye Historia na Kiswahili. Anaendelea kuhudhuria, anaendelea kuwa na kaunta buku, anaendelea kunakili ubao. Anatimiza masharti yote ya upande wa kushoto. Hayupo.

> Somo ni la lazima kwenye ratiba, lakini hesabu ya cheti inamruhusu mwanafunzi aliache lizame.

Si uvivu. Ukitazama sheria za mchezo jinsi zilivyoandikwa, ni uamuzi wa mtu anayejua kupiga hesabu vizuri sana. Gharama yake huja baadaye. Anayeingia Kidato cha Tano kusoma Fizikia, Kemia na Biolojia bila Hisabati ya juu hukutana tena na hisabati tumizi, na hapo hakuna masomo saba ya kumficha.

Kenya ilivyofungua na kufunga

Majirani walilijaribu swali hili hadharani. Machi 2025, wakati Kenya ikijiandaa kuwapokea wanafunzi wa kwanza wa sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi, ilitangazwa kwamba Hisabati haitakuwa ya lazima kwa wote. Anayechagua mkondo wa sayansi na teknolojia angeisoma. Wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo, angeweza kuachana nayo akiwa Gredi ya 10.

Watetezi walikuwa na hoja, na haikuwa hoja ya kubezwa. Mfumo unaojengwa juu ya vipaji hauwezi, walisema, kumburuza mcheza ngoma au mwanariadha miaka mitatu mingine katika somo ambalo matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yameonyesha mwaka baada ya mwaka kuwa linawaangusha wengi. Mwache afanye analoliweza.

Kelele zilizofuata hazikutoka kwa walimu wa hesabu peke yao. Wazazi waliuliza ni mtoto gani wa miaka 15 anayejua kwa hakika kwamba hatahitaji hesabu akiwa na miaka 30. Wengine wakaona mtego wa wazi: shule isiyo na walimu wa hisabati wala maabara itawasukuma watoto wake wote kwenye mikondo isiyo na hesabu, kisha iite hilo chaguo lao.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo, Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa wote, ila kwa ngazi mbili. Wa mkondo wa sayansi watasoma hisabati kamili. Wa mikondo mingine watasoma iliyopunguzwa, ya mahitaji ya kila siku. Kutoka hiari hadi lazima, muda uliopita haukuzidi miezi miwili.

Suluhu hiyo ina busara yake, na ina shaka yake. Hisabati iliyopunguzwa inaweza kuwa ngazi ya kupandia. Inaweza pia kuwa chumba cha nyuma ambamo watoto huwekwa wasisumbue. Neno kwenye ratiba halisemi itakuwa ipi.

Chicago ililazimisha, kisha ikaongeza muda

Kuna mji uliojaribu hili mapema, na watafiti wakaufuatilia hatua kwa hatua. Mwaka 1997 shule za umma za Chicago, Marekani, zilifuta madarasa ya hesabu ya kufidia na kuamuru kila mwanafunzi wa darasa la tisa asome aljebra. Hakuna tena "hesabu ya wanyonge".

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoangalia yaliyofuata, picha ilikuwa chungu. Waliosoma aljebra waliongezeka, kama amri ilivyotaka. Waliofeli somo wakaongezeka pia, na alama za mitihani hazikupanda. Mlango ulifunguliwa, watu wakaingia, na ndani hakukuwa kumeandaliwa kitu.

Mwaka 2003 mji ukajaribu jambo la pili. Mwanafunzi aliyeingia darasa la tisa akiwa chini ya wastani wa kitaifa alipewa vipindi viwili vya aljebra kila siku badala ya kimoja. Walimu wa vipindi hivyo walipewa mafunzo na vifaa, na wanafunzi walitakiwa kuandika na kueleza kwa maneno walichokifanya, si kumwaga namba tu.

Safari hii mambo yalisogea. Utafiti wa baadaye uliwafuatilia wanafunzi hao ukaona kwamba waliopewa muda wa ziada walimaliza sekondari na kujiunga na vyuo kwa wingi kuliko wenzao waliokuwa nao bega kwa bega kwa alama lakini wakakosa kipindi cha pili. Na walionufaika zaidi walikuwa ni wale waliokuwa dhaifu katika kusoma.

Hilo la mwisho linafaa kurudiwa polepole kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Waliofaidika na hesabu ya kuelezwa kwa maneno ni wale ambao maneno yalikuwa yakiwashinda.

> Muda wa ziada na ruhusa ya kueleza kwa maneno vilifanya kile ambacho amri peke yake haikufanya.

San Francisco ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2014 iliamua kwamba asiwepo wa kutangulia: aljebra isisomwe darasa la nane, wote waianze la tisa wakiwa pamoja, ili matabaka yapungue. Wazazi wenye uwezo wakanunua kozi za nje. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2023 ulionyesha kwamba pengo la rangi katika masomo ya juu ya hesabu halikuzibwa. Machi 2024 wapigakura wa mji huo walipoulizwa kama aljebra irudishwe darasa la nane, zaidi ya wanane kati ya kumi walisema ndiyo.

Mwalimu aliyepita Same

Mtu ambaye Wamarekani wengi humtaja wakizungumzia haki ya mtoto kusoma aljebra alikuwa mwalimu wa hesabu chini ya milima ya Upare.

Bob Moses alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1935. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Mississippi, akiwaandikisha Wamarekani Weusi kupiga kura katika jimbo ambalo kufanya hivyo kungeweza kukugharimu maisha. Wakati wa vita vya Vietnam aliondoka nchini kwake, akapita Kanada, kisha akafika Tanzania. Kuanzia 1969 hadi 1976 alifundisha hisabati Same, mkoani Kilimanjaro. Familia yake ilikulia hapo, na binti yake mkubwa akaitwa Maisha.

Familia iliporudi Marekani, binti huyo alifika darasa la nane katika shule ya Cambridge, Massachusetts, ambayo haikuwa na aljebra ya kumpa. Moses aliingia darasani mwenyewe akaanza kumfundisha pamoja na wenzake wachache. Mwaka 1982 alipata ruzuku ya MacArthur, na fedha hizo zikamwezesha kuanzisha Mradi wa Aljebra. Hoja yake ilikuwa fupi: katika uchumi wa kompyuta, asiyejua aljebra atakuwa kama yule mkulima wa Mississippi asiyeruhusiwa kupiga kura. Yumo nchini, lakini hahesabiki.

Namna yake ya kufundisha ndiyo yenye somo kubwa zaidi kwetu. Aliwapandisha wanafunzi treni ya mjini Boston. Waliporudi darasani walichora safari yao. Kisha waliisimulia kwa maneno yao ya kawaida, lugha ya watu, kama alivyoiita. Baada ya hapo walikubaliana lugha ya mpangilio: kituo cha kuanzia, upande wa kwenda, idadi ya vituo. Alama za hesabu, zile x na jumlisha na kutoa, zilikuja mwisho kabisa. Hatua tano, na herufi iko ya tano.

Jaribu kwa mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Kituo cha Jangwani kiwe sifuri (ndiyo, hicho hicho cha bondeni ambako mvua ikichachamaa panageuka ziwa). Kwenda mjini kuwe jumlisha: Fire ni +1. Kwenda Kimara kuwe kutoa: Magomeni Mapipa ni −1. Aliyetoka Magomeni Mapipa akashuka Fire amesogea vituo vingapi, na kuelekea wapi? Mtoto wa Manzese anakujibu bila kutafuta penseli. Umwandikie swali hilo hilo kama 1 − (−1), macho yanamtoka.

Moses alifariki Julai 2021, akiwa na miaka 86.

MAGAZIJUTO anavyokufa Januari

Kila aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anamjua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno limebuniwa kwa werevu, linakaa mdomoni kama jina la mtu, na kizazi baada ya kizazi kimevuka nalo darasa la saba.

Kidato cha Kwanza anazikwa bila matanga. Nafasi yake inachukuliwa na BODMAS, ambaye ni yeye yule kwa herufi za Kiingereza. Wote wawili, kwa bahati mbaya, wana ila moja. Andika 10 − 4 + 3. Anayemfuata MAGAZIJUTO neno kwa neno ataona "ju" inatangulia "to", atajumlisha 4 na 3 kwanza, atapata 7, ataitoa kwenye 10, na jibu litakuwa 3. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kutoka kushoto. Mwalimu anayemwuliza mtoto "umeipataje hii 3?" atagundua ugonjwa kwa dakika moja. Anayechora kosa kwa kalamu nyekundu na kusonga mbele hatagundua kamwe.

Maneno yenyewe yanabadilika kwa mafungu: "Rahisisha" inakuwa "Simplify", "Kokotoa" inakuwa "Evaluate". Hayo yanakaririka. Magumu ni maswali ya maelezo. Umri wa mama ni mara tatu ya umri wa Asha. Baada ya miaka 12 utakuwa mara mbili. Kwa Kiswahili hili ni fumbo la jioni, na watoto hulipenda: Asha ana miaka 12, mama 36. Kwa Kiingereza cha Januari ni ukuta, kwa kuwa mtoto hajui ni umri wa nani unaozidishwa.

Si lazima mtu awe na msimamo katika mjadala mkubwa wa lugha ya kufundishia ili aone dawa ya hapa karibu. Ukutani mwa darasa panatosha karatasi moja yenye maneno 40, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Gharama yake ni manila moja na kalamu ya wino mzito.

Ya nini yote haya?

Wapo wanaosema tunajitesa bure. Mwaka 2012 profesa wa siasa wa New York, Andrew Hacker, aliuliza katika gazeti la New York Times kama aljebra ni ya lazima, akajibu kwamba kwa wengi siyo: inawatupa vijana nje ya shule kwa ajili ya kitu ambacho hawatakigusa tena. Afadhali wafundishwe kusoma takwimu, bajeti na riba. Swali lake huulizwa kila siku kwenye vijiwe vya Kariakoo, kwa maneno makali zaidi: nani amewahi kwenda sokoni kununua x?

Jibu, kwa pwani walau, liko karibu kuliko wanavyodhani. Neno aljebra limetoka kwenye kitabu cha Muhammad al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9. Al-jabr ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama mfupa. Mzizi wake ndio uliotupa jabari. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi.

Chukua marehemu aliyeacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na shilingi milioni 8 baada ya madeni. Kwa mirathi ya Kiislamu mke ana thumuni: milioni 1. Zinabaki 7. Mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Fungu la binti liite x. Mabinti watatu ni 3x, wavulana wawili ni 4x, jumla 7x. Kila binti milioni 1, kila kijana milioni 2. Yuko mzee wa mtaa asiyejua neno mlinganyo ambaye ataligawa hili akiwa anakunywa kahawa.

Hacker ana haki anaposema kwamba hesabu isiyoshikana na kitu inafukuza watu. Anapokosea ni kudhani kwamba dawa ni kuiondoa hesabu badala ya kurudisha kitu.

Fimbo haimo kwenye kanuni

Kuna sharti moja ambalo haliandikwi ubaoni. Ukipata chini ya tano kwa kumi, unajua.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu, lakini kanuni zake ni finyu kuliko desturi zetu. Adhabu hiyo ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito. Hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na haizidi viboko vinne. Kusahau kuzidisha kilicho ndani ya mabano si utovu wa nidhamu. Kuchapa darasa zima kwa jaribio la wiki ni kuivunja kanuni, hata kama wazazi wanaunga mkono, na wengi wanaunga.

Athari yake inaonekana kwenye madaftari. Mtoto anayeogopa kukosea hanakili kwa sababu ni mwizi. Ananakili kwa sababu jibu la mwenzake linalinda mikono yake. Sharti la saba ubaoni linavunjwa na sharti lisiloandikwa.

Saa nane za kalamu nyekundu

Walimu nao wasikizwe. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 60 akitoa zoezi moja, na akatumia dakika mbili tu kwa kila daftari, anahitaji saa nane za kusahihisha. Hiyo ni siku nzima ya kazi bila kufundisha kipindi hata kimoja. Kesho yake kuna zoezi jingine, na silabasi inakimbia kwa sababu mtihani wa mkoa haumsubiri mtu. Ndiyo maana vema na kosa vinapigwa kwa kuangalia mstari wa mwisho, na ndiyo maana twisheni ya jioni imekuwa shule ya pili.

Hapo ndipo lile sharti zuri kuliko yote, la kuonyesha njia, linapopoteza maana. Rudi kwenye 3(x − 2) = 12. Mtoto mmoja ameandika 3x − 2 = 12, halafu 3x = 14, halafu x = 14/3. Amekosea mahali pamoja, mstari wa kwanza. Yaliyofuata yote ni sahihi. Mwingine amegawanya pande zote kwa 3, akapata x − 2 = 4, akaandika x = 6, akamaliza. Kwa kusahihisha kwa haraka, wa kwanza anapata kosa kubwa jekundu na hajui kwa nini. Wa pili, katika madarasa mengine, anaambiwa hakufuata njia iliyofundishwa, ilhali njia yake ni fupi na safi.

Zipo njia za kupunguza saa hizo nane bila kuajiri mtu kesho asubuhi, na baadhi ya walimu wanazitumia kimya kimya. Sahihisha maswali mawili tu kati ya kumi, lakini mstari kwa mstari. Kusanya madaftari 15 kila siku badala ya 60 kwa mpigo. Andika ubaoni jibu lisilo sahihi, bila jina, na uliulize darasa limevunjikia wapi. Mruhusu aliyefeli jaribio alirudie baada ya kusahihisha makosa yake, na alama mpya ihesabiwe. Hili la mwisho huwaudhi wanaoamini kwamba mtihani ni mmoja tu. Lakini mtihani wa mwisho utakuja wenyewe Novemba. Wa wiki ni wa kujifunzia.

Wanafunzi wa kwanza walioanza Kidato cha Kwanza chini ya mitaala mipya, Januari 2024, watafika Kidato cha Nne mwaka 2027. Kwa wengi wao, uamuzi wa kuitupa hesabu au kuishika unafanyika kabla ya hapo, kwenye meza ya nyumbani, bila kikao. Mzazi atakayeitwa kwenye mkutano wa shule muhula huu aende na kaunta buku ya mwanawe mkononi. Aifungue kwenye zoezi la mwisho, atafute mahali penye kosa, na aulize kwa adabu ni nani aliyemwonyesha mtoto mstari uliovunjika.